Ukanda wa Kijani Chini ya Mlima

Vijana wenzangu wa ofisi ya mipango miji, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani. Kiti ndicho nilichokalia sasa hivi. Saa bado najiuliza mstaafu aifanyie nini. Mlitaka pia niseme maneno ya kuwaachia, nami nikasimama, nikashukuru, nikakaa, kwa sababu nililotaka kusema halisemeki watu wakiwa na sahani za pilau mkononi. Nimeamua kuliandika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja vilipotaka, na havina cha kumfundisha mtu. Nitaanza na viatu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kisigino alivyoninunulia mama kule Ukerewe kwa kuuza dagaa msimu mzima. Nilipelekwa kwa Mzee Machibya, mchora mipango wa ofisi. Wakati ule hakuwa mzee wa umri. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mvi zilizomwahi, na ukali. Alitazama miguu yangu kabla ya uso.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba. Unaitwa nani?”

“Consolata.”

“Consolata, una viatu vingine?”

“Nyumbani zipo raba.”

“Basi leo utachora. Kesho utakuja na raba, twende ukaone unachokichora.”

Ninyi mmekuta kompyuta. Sisi tulikuwa na meza za mteremko, karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na kalamu za wino ambazo vumbi la Mwanza lilizipenda kupita kiasi. Ukikosea mstari ulikwangua kwa wembe, taratibu, ukizuia pumzi. Ukikwangua sana karatasi ilitoboka, na tundu kwenye ramani ni kipande cha mji kilichopotea. Mashine ya kuchapia nakala ilitumia amonia iliyotutoa machozi mchana kutwa. Mgeni akituingilia alitupa pole, akidhani tumefiwa.

Siku hiyo nilipewa ramani ya Igogo ninakili. Chini ziwa, kisha barabara, kisha eneo la makazi lililopakwa manjano, kisha ukanda mwembamba wa kijani, na juu yake mlima wote kijani, bila nyumba hata moja. Nilinakili vizuri, nikajipongeza.

Kesho yake tukapanda mlima ule na raba zangu. Nilisimama nimeshika kiuno. Mlima uliokuwa mtupu kwenye karatasi ulikuwa na nyumba juu ya nyumba. Nyingine zilikuwa na kuta tatu za tofali, na ukuta wa nne ulikuwa mwamba wenyewe. Wanawake walianika nguo juu ya mawe makubwa kuliko ofisi yetu. Watoto walitusalimia kutoka juu ya vichwa vyetu na kutoka chini ya miguu yetu.

“Mzee, hawa wote wako wapi kwenye ramani?” nikauliza.

“Hawamo.”

“Nani aliwasahau?”

“Hakuna aliyewasahau. Mpango ulisema mlima usijengwe. Wao hawakuwa na nafasi ya kuusoma, walikuwa wanatafuta pa kulala.”

Tukashuka hadi ule ukanda mwembamba. Hapo akachuchumaa, akanionyesha mawe ya kawaida, makubwa kama magunia na mengine kama vichwa vya ng’ombe, yamejipanga chini ya mwamba mmoja mkubwa sana uliokaa katikati ya mteremko. “Yatazame haya,” akasema. “Watu wanaogopa lile kubwa. Lile kubwa limekalia udongo, udongo umeshikwa na haya madogo, na haya madogo hayajashikwa na kitu ila amri yetu kwamba yasiguswe. Ndiyo maana hapa pamepakwa kijani.”

Hapo ndipo nilipoelewa kazi tuliyoajiriwa kufanya. Mpango kabambe husema mji mzima unaelekea wapi. Mpango wa kina hushuka hadi kiwanja kwa kiwanja, na kanuni zake husema hapa pajengwe nini, kwa urefu gani, na umbali gani kutoka kwenye mto, ziwa au mlima. Mwananchi huona rangi. Sababu iko kwenye maandishi yanayoambatana na ramani, ambayo husomwa na watu wachache, na wengi wao wanatafuta upenyo. Rangi ya kijani ndiyo inayoliwa kwanza katika kila mji, kwa sababu kwa macho ya mtu mwenye haraka kijani ni mahali ambapo hapana kitu.

Miaka kadhaa baadaye serikali ilianza kurasimisha makazi kama yale, watu wapimiwe na wapewe hati pale walipo. Mimi na Mzee Machibya tukapewa mpango wa kina wa ule upande wa Igogo. Tulipita nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi za chini na za katikati ziliweza kupata hati. Zile zilizokaa moja kwa moja chini ya mwamba mkubwa hazikuweza, na ikabidi tuitishe mkutano wa mtaa tuwaambie wenyewe.

Kwenye mkutano ule alisimama fundi cherehani mmoja anaitwa Ndaki. Alikuwa mwembamba, mwenye futi ya kupimia imening’inia shingoni kama tai. Yeye na mke wake, Perpetua, waliishi chini ya mwamba ule tangu walipooana. Sare za shule za karibu watoto wote wa mtaa zilipita kwenye mikono yake.

“Afisa,” aliniambia, “mwamba huu ulikuwepo babu yako hajazaliwa. Umekaa. Leo utaondoka kwa sababu wewe umepaka rangi?”

Watu wakacheka, nami nikatafuta pa kutazama. Aliyejibu ni Mzee Machibya.

“Hautaondoka kwa sababu ya rangi, Ndaki. Na sisi hatuna nguvu ya kuushika. Tunachoweza ni kuhakikisha chini yake panabaki kama palivyo. Hati hatuwezi kukupa. Kukufukuza leo bila kukupa pa kwenda, hilo nalo hatufanyi. Kaa, usiongeze chumba, na ule ukanda wa chini usiguswe na mtu yeyote, awe wewe au awe tajiri.”

Perpetua, aliyekuwa amekaa chini na khanga begani, akauliza, “Na ukiguswa?”

“Nitakuja mwenyewe,” akasema Mzee Machibya.

Mpango ukapitishwa hivyo. Watu wa mtaa wakauita ule ukanda wa kijani kwa jina lake, ukanda wa Machibya, na mtu akionekana anabeba jiwe kutoka pale kwenda kujengea choo alirudishwa na majirani kabla sisi hatujapata habari. Sijawahi kuona kanuni ya mipango miji inayolindwa vizuri namna ile, na wala haikuwa na bango.

Mzee Machibya akastaafu, akahamia ng’ambo, Sengerema, kwa mahindi na ng’ombe wake. Tulimpa kiti, kama mlivyonipa mimi. Nadhani ofisi yetu ina fundi wake wa viti.

Miaka ikapita. Siku moja likaingia ombi la kubadilisha matumizi ya ule ukanda, kutoka kinga kuwa biashara na makazi. Mwekezaji, ambaye kumtaja hakutaongeza kitu, alitaka kujenga jengo la maduka chini na nyumba za kupangisha juu, madirisha yote yakitazama ziwa. Nilisoma nikacheka. Nikaandika maoni ya kitaalamu, nikaeleza mteremko, udongo na mawe, nikaenda kwenye kikao cha kamati nikiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua chenji yake.

Nje ya ukumbi nikamkuta Mzee Machibya amekaa kwenye benchi, shati limepigwa pasi, bomba la kubebea michoro limelala magotini.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Consolata. Umekonda.”

“Kazi. Umetoka Sengerema leo?”

“Na kivuko cha asubuhi. Nina jambo kikaoni.”

Moyo wangu ulifurahi. “Afadhali umekuja,” nikamwambia. “Tutakuwa wawili.”

Alinitazama. Akashika goti lake bovu, akanyanyuka, akaingia.

Mwenyekiti wa kamati akamwita mtaalamu mshauri wa mwombaji. Aliyesimama ni Mzee Machibya. Nawaambia kweli, nilidhani hakusikia vizuri, ameitikia pasipomhusu. Nilitaka kumvuta shati akae. Kisha akafungua lile bomba, akatandaza michoro ya jengo la mwekezaji mbele ya madiwani.

Alisema kwa sauti ileile aliyonifundishia. “Mpango si msahafu. Huu niliuchora mimi. Wakati ule hatukuwa na uwezo wa kujenga ukuta wa zege wa kushika mlima, tukaacha kijani. Leo uwezo upo. Ukuta ukitangulia, mlima utashikwa vizuri kuliko unavyoshikwa na mawe madogo, na wale walioko juu watalala salama zaidi kuliko wanavyolala sasa.”

Nikasimama. Nikasema ukuta ni ahadi, na mawe ni kitu kilichopo. Nikasoma sababu za ukanda kutoka kwenye maandishi ya mpango, nyingi zikiwa ni maneno yake mwenyewe. Diwani mmoja, mtu mpole wala si mbaya, akainua mkono.

“Mama Consolata, aliyechora anasema panajengeka. Wewe uliyekuwa msaidizi wake unasema hapajengeki. Sisi tumsikilize nani?”

Wakapitisha, kwa masharti. Ukuta ujengwe kwanza. Mhandisi aukague. Jiwe lisitolewe hata moja kabla ya hapo. Masharti yalikuwa mazuri. Yaliandikwa na Mzee Machibya.

Nilimfuata kwenye korido. “Kwa nini, Mzee?”

“Kwa sababu naamini nilichosema.”

“Na wamekulipa.”

“Wamenilipa, sikufichi. Mtu akilipwa kwa kusema anachoamini, kosa liko wapi?”

Kama angekuwa amesema uongo ningejua pa kumshika. Nikauliza tu, “Masharti haya nani atayasimamia?”

“Nyie,” akasema, na akawahi kivuko.

Katapila lilifika kabla ya saruji. Nilipokwenda kukagua, ukuta haukuwa umeanza, na mawe ya chini yalikuwa yakipondwa kokoto na kupakiwa kwenye malori. Nikatoa zuio. Nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye mabati ya uzio wao: SIMAMISHA UJENZI. Nikiwa pale injini ilizimwa. Nikifika barabarani nilisikia inawashwa. Nikapeleka taarifa juu, tukaenda eneo la kazi pamoja na wakubwa, msimamizi akaomba radhi, akaahidi, akatupa soda. Tulirudi ofisini tukiwa tumewaonya. Neno hilo, kuonya, mtalikuta kwenye mafaili mengi ya majengo yaliyokwisha kujengwa.

Jumamosi moja baada ya mvua Perpetua akanipigia simu.

“Mwanangu, mlango wangu wa nyuma haufungi.”

“Mama, mwite fundi.”

“Fundi alikuja juzi, akaupiga randa chini, ukafunga. Leo haufungi tena. Na sakafu imepasuka. Ninaingiza kijiko.”

Nilimchukua mhandisi wetu, tukapanda. Ndaki alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, anashona, kwa sababu Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Alinyanyua kichwa, akaamkiana nasi, akaendelea. Mhandisi aliuangalia mlango, akauangalia ufa, kisha akatoka nje, akautazama mwamba kwa muda mrefu. Pale ambapo mwamba ulikuwa umekaa juu ya udongo palionekana mstari wa udongo mpya, mwekundu, ambao haujawahi kuona jua. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini.

“Mama, watu watoke. Wasingoje kesho.”

Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti. Shule ya msingi ya chini ikafunguliwa, familia zikaanza kushuka na magodoro na masufuria. Perpetua alibisha kidogo, akatukana kidogo, akashuka na mume wake. Jioni ile nilimpigia Mzee Machibya. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilichosema ni kwamba ukuta haujajengwa, na mlango wa Perpetua haufungi.

“Nakuja,” akasema.

Jumapili asubuhi alipanda mlima ule kwa goti lile. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Ndaki, akapitisha kiganja kwenye fremu ya mlango, juu hadi chini, kama daktari anayepapasa mfupa. Kisha akaketi kwenye kizingiti. Nilimwona uso. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu miaka mingi, na sikuwahi kumwona amepigwa na kitu ambacho hakukijua tayari.

Alipoinuka aliuliza neno moja: “Nani bado yuko ndani?”

Tukapita nyumba kwa nyumba. Alibeba mtungi wa gesi wa bibi mmoja, akabeba kuku. Kuna watu waliomtambua, wakamwambia, “Mzee, ulisema utakuja,” na hawakujua walichokuwa wanamfanya. Kufika adhuhuri nyumba zote zilizokuwa chini ya mwamba zilikuwa tupu, nami nikapumua.

Kule shuleni Perpetua akaanza kumtafuta mume wake. Ndaki alikuwa amerudi juu kuchukua cherehani.

“Mimi namfuata,” akasema Mzee Machibya. “Wewe baki uzuie watu.”

Nilisimama na mwenyekiti pale njia inapoanza kupanda. Sikusikia mlipuko kama watu wanavyodhani. Nilisikia kitu kama mtu anayeburuta kabati zito kwenye sakafu ya juu, taratibu, kwa muda mrefu kupita kawaida. Ardhi ikatikisika chini ya nyayo zangu. Kisha vumbi likashuka na sikuona hata mkono wangu. Niligeuka upande mwingine, na ziwa lilikuwa shwari kabisa, limemetameta, mitumbwi imetulia. Mpaka leo sijui kwa nini hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Mzee Machibya alitokea kwenye vumbi anatembea. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Kifuani amekumbatia kichwa cha cherehani, mikono miwili.

“Ndaki yuko wapi?” nikauliza.

“Anakuja nyuma yangu.”

Nikatazama nyuma yake. Palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi kitu kikubwa ambacho hakikuwepo pale asubuhi.

“Mzee, Ndaki yuko wapi?”

“Alinipa hii nitangulie. Yeye amerudi kufunika sare. Anakuja.” Alikuwa anatazama mbele tu, hageuzi shingo. “Anakuja, Consolata. Yuko nyuma yangu.”

Nilimshika mkono nikamketisha chini. Cherehani hakuiachia.

Watu walikimbia juu na majembe na mitaimbo. Waliita kwenye nyufa, wakanyamaza wakisikiliza, wakaita tena. Hakuna aliyeitikia. Mwamba ulikuwa umesimama juu ya nyumba yote. Siku zilizofuata mhandisi alizunguka pale na wenzake, na jibu lao lilikuwa gumu kuliko lolote nililowahi kupeleka kwa mwananchi: mwamba wa pili, mkubwa kama wa kwanza, ulikuwa sasa umeegemea huu ulioanguka. Kuupasua au kuuvuta kungeushusha wa pili hadi kwenye nyumba za katikati na shule. Ndaki asingeweza kutolewa.

Nilimweleza Perpetua mwenyewe, mbele ya shemeji zake na katekista. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia pale.

Ibada ilifanyika bila jeneza. Kwenye msiba Mzee Machibya alikaa chini na wanaume wengine, siku zote, hakurudi Sengerema. Siku ya mwisho alisimama na ile cherehani, imesafishwa na kutiwa mafuta, akaiweka mbele ya Perpetua. Akasema, watu wote wakisikia, kwamba yeye ndiye aliyeusimamia mchoro ule kikaoni, yeye ndiye aliyeiambia kamati kwamba panajengeka. Ndugu mmoja wa Ndaki akainuka. Perpetua akamwashiria kwa kiganja akae.

“Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho,” alimwambia Mzee Machibya. “Alisema nini?”

“Alisema mashati ni meupe, vumbi litayachafua. Akarudi kuyafunika.”

Perpetua akatikisa kichwa polepole, kama mke anayesikia habari asiyoishangaa. “Ndiye yeye,” akasema. Kisha akawaambia wasichana wampe mgeni chakula.

Kesi ya mwekezaji iko mahakamani na siwezi kuisemea. Kamati iliurudisha ukanda kuwa kijani bila mjadala. Familia zilizobaki zilipewa viwanja upande wa Kiseke, na Perpetua naye yuko huko, kwa binti yake. Nilidhani yamekwisha. Kabla ya mwaka kwisha nikaanza kupokea wageni mezani kwangu, watu wamevaa vizuri, wakitaka kujua utaratibu wa kiwanja kile cha Ndaki. Hoja yao waliitoa bila aibu: mwamba uliokuwa hatari ulikwisha kushuka, kwa hiyo hatari haipo tena, na juu yake mtu akimwaga zege atapata msingi ambao hakuna mwingine mjini anao. Mmoja alikuwa na mchoro tayari. Nilimtazama mdomo ukisogea na sikuamini kwamba maneno yale yanatoka kwa mtu mwenye mama.

Nilimpigia Perpetua. Nilifikiri ni haki yake asikie kutoka kwangu. Alikuja ofisini na Mzee Machibya, aliyekuwa amemfuata Kiseke kumsindikiza.

“Hizo rangi zenu,” Perpetua aliniuliza. “Ya kaburi ipo?”

“Ipo, Mama. Kijani, na misalaba midogo ndani yake.”

“Na palipopakwa hiyo, mtu anaweza kujenga?”

“Hawezi.”

“Basi.”

Ndilo lilikuwa shauri langu la mwisho kazini: kubadilisha matumizi ya kiwanja kimoja, kutoka makazi kuwa mahali pa maziko, kwa mtu mmoja. Sheria hailijui jambo la huruma, kwa hiyo tulilipitisha njia ile ile ya maombi yote. Tangazo likabandikwa pale mlimani na ofisini, muda wa pingamizi ukangojwa. Wale wenye michoro hawakuonekana. Mzee Machibya alichora ramani kwa mkono, kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu kompyuta hakuwahi kuielewa, na mmoja wenu akaiingiza kwenye mfumo. Ni wewe Shija, na najua ulirudia mara nyingi ili misalaba itoke sawasawa.

Kikaoni Mzee Machibya aliwasilisha kwa maneno machache, akaketi. Diwani yule yule aliyeniuliza wamsikilize nani alikuwa ndiye mwenyekiti sasa. Aligeuza karatasi, akaona ni ombi la aina ambayo haijawahi kufika mezani pake, akamtazama Perpetua aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha waombaji, mkoba magotini.

“Mama, mwombaji ni wewe,” akasema kwa upole. “Tuandike unaomba nini?”

Perpetua akasimama, ingawa hakuambiwa asimame.

“Naomba asihamishwe.”

Hakuna aliyeuliza swali lingine.